Umeme si Ukoo

Kiswahili kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawasawa, na huwezi kuyatofautisha mpaka usikie neno linalofuata. Taa ya umeme imetundikwa darini. Taa wa umeme amelala chini ya maji, kajifukia mchangani, kabakiza nje macho mawili madogo na matundu mawili nyuma ya macho hayo. Herufi moja tu, y au w, ndiyo inayokuambia kama unazungumziwa kifaa au kiumbe. Ngeli zetu hazijali kitu kinang'aa au kinapiga shoti. Zinauliza kama kina uhai, basi.

Wataalamu wa viumbe nao wana ngeli zao: oda, familia, jenasi, spishi. Kwa taa wa umeme mtu angedhani kazi yao ni nyepesi, maana samaki mwenyewe amejitia alama. Anayekupiga umeme aingie kundi hili, asiyekupiga abaki nje. Naamini mambo ni kinyume chake. Kiungo cha umeme ndicho kinachotueleza mengi kuhusu mwili wa samaki huyu unavyofanya kazi, na hicho hicho ndicho kilichowapoteza watu kila walipotaka kujua nani ni ndugu wa nani.

Tuanze na mwili. Mtu wa pwani akisikia taa humjia nyenga: bapa, mkia mrefu mwembamba, mwiba juu yake. Waliopitia chuoni zamani wanaukumbuka mkia wa taa kwa sababu nyingine kabisa, na mgongo wao ni shahidi. Taa wa umeme hana mkia wa kumchapia mtu. Wake ni mfupi, mnene, wenye nyama, na mwishoni una pezi pana. Huogelea kwa kuupunga mkia huo kama papa, tofauti na taa wengi wanaopepea kwa kingo za mwili. Sehemu ya mbele ni duara, laini, inalegea mkononi. Ngozi ni tupu, haina zile punje zinazoifanya ngozi ya papa iwe msasa. Hana mwiba wala sumu. Nyama yake ni tepetepe, ndiyo maana akiingia kwenye wavu mara nyingi hurudishwa majini.

Hapepei kwa sababu mahali ambapo taa wengine wana misuli ya kupepea, yeye ameweka kitu kingine. Ukichuna ngozi ya juu, utakuta kila upande wa kichwa, kati ya matamvua na gegedu la pezi la kifuani, kiungo chenye umbo la figo kinachotoka ngozi ya mgongoni hadi ya tumboni. Ndani yake zimesimama nguzo nyingi, nyingi zake za pembe sita, zimebanana kama sega la nyuki. Kila nguzo ni rundo la sahani nyembamba, mamia kadhaa na kwa spishi kubwa hata elfu moja, zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotipoti. Kila sahani ni seli moja iliyobapa, inayoitwa elektrosaiti.

Siri yote iko kwenye pande mbili za chapati hiyo. Upande wa chini umejaa ncha za neva, wa juu hauna hata moja. Amri ikitoka ubongoni, upande wa chini hufungua milango yake na chembe za sodiamu huingia, ilhali wa juu umetulia. Kwa muda wa milisekunde chache seli inakuwa betri ndogo sana, isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya volti. Lakini sahani zimepangwa kwa mfululizo, na zote hufyatuka kwa pamoja, kwa hiyo volti zinajumlishwa kutoka chini hadi juu. Mgongo unakuwa chanya na tumbo hasi. Nguzo nazo ziko sambamba, mamia kwa mamia, kwa hiyo mkondo unajumlishwa vilevile.

Mpangilio huo umefuata maji anamoishi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo mwenye kutaka kupiga ndani yake anahitaji mkondo mkubwa kuliko volti nyingi: nguzo fupi, ila nyingi. Yule samaki mrefu wa mito ya Amerika Kusini anayefahamika kama mkunga wa umeme anaishi kwenye maji baridi yenye ukinzani mkubwa. Yeye amepanga sahani zake kwa urefu wa mwili, maelfu kwa mfululizo, apate volti. Taa wa umeme mkubwa kuliko wote, yule wa Atlantiki anayeitwa *Tetronarce nobiliana*, hufikia urefu wa mita 1.8 na uzito wa kilo 90, na husemwa kutoa hadi volti 220. Ni karibu sawa na soketi ya ukutani, ila mpigo wake hudumu kitambo kisichotosha hata kupepesa jicho, na akipiga mfululizo huchoka na kudhoofika kama betri ya tochi. Zamani mafuta ya ini lake yaliwashiwa taa huko Marekani, kabla mafuta ya taa hayajaenea. Taa akawasha taa, na umeme wake haukuhusika.

Kiungo hiki kilitoka wapi? Neva zinajibu. Zinazokilisha ni zile zile zinazotoka nyuma ya ubongo kwenda kwenye misuli ya taya na matamvua. Kijusi chake kikichunguzwa, seli zinazokuja kuwa sahani huonekana kwanza kama nyuzi za misuli za sehemu hiyo. Huanza safari ya kuwa msuli, kisha njiani huacha kutengeneza mitambo ya kujikunja, hubapa, na hubaki na kitu kimoja tu kutoka urithi wao: uwezo wa kuitikia amri ya neva. Taa wa umeme, kwa maneno mengine, ni samaki aliyegeuza nyama ya shavu kuwa betri.

Wenye maabara waliupenda sana urithi huo. Msuli wa kawaida una sehemu ndogo mno inayogusana na neva, ilhali kwa taa karibu upande mzima wa sahani ni mahali pa kugusania. Ndiyo maana kipokezi cha asetilikolini, mlango wa protini unaoamuru misuli yetu wenyewe ijikunje, kilijulikana kwa undani kupitia samaki huyu. Mwaka 1982 kundi la Shosaku Numa nchini Japani lilianza kusoma jeni zake kutoka kwa *Torpedo californica*. Mwaka 1991 umbo la kimeng'enya kinachoisafisha asetilikolini baada ya kazi lilichorwa kwa kutumia taa wa spishi hiyo hiyo. Kimeng'enya hicho ndicho kinachozibwa na dawa za wadudu za jamii ya organofosfeti, na ndiyo sababu mkulima anayepulizia shambani bila kujikinga huishia kutetemeka na kutokwa mate.

Majina ya samaki huyu hayakungoja maabara. Wagiriki walimwita *narke*, yaani ganzi, neno ambalo leo limo ndani ya narkotiki. Warumi walimwita *torpedo*, kutokana na kitenzi chao cha kufa ganzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Robert Fulton wa Marekani akaliazima kwa mabomu yake ya majini, na silaha ikawa mashuhuri kuliko samaki. Waarabu walikuwa na neno *ra'ad* kwa samaki wa kutetemesha, hasa kambare wa umeme wa mto Nile, na mzizi wake ndio uliotuletea radi. Hatari ya majina hayo imejificha hapo. Yanataja anachofanya samaki, hayasemi yeye ni nani. Kambare wa Nile na taa wa baharini wakaingia jina moja ingawa mmoja ana mifupa na mwingine ni gegedu tupu. Daktari Mrumi Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, aliagiza taa hai awekwe kichwani kwa maumivu ya kichwa na chini ya miguu kwa ugonjwa wa jongo. Hakuuliza spishi gani.

Kosa ninalolipenda kuliko yote ni la mtu makini kabisa. Mwaka 1772 Mwingereza John Walsh alikwenda La Rochelle, Ufaransa, akaonyesha kwamba pigo la taa hupita katika watu walioshikana mikono kama linavyopita pigo la chupa ya Leyden, chombo kilichotumika siku hizo kuhifadhia umeme. Mwaka uliofuata alimpa mpasuaji maarufu wa London, John Hunter, samaki wa kupasua. Hunter alifanya kile ambacho hakuna aliyekifanya kwa uangalifu kama wake: alihesabu nguzo. Katika samaki wa kawaida alipata takriban 470 kila upande. Kisha akaletewa samaki mkubwa sana wa bahari ya Uingereza, mwenye urefu wa zaidi ya futi nne. Akahesabu nguzo 1,182. Akahitimisha kwamba nguzo huongezeka samaki akikua, pengine mpya zikiota ukingoni kila mwaka, kwa kuwa za ukingoni ndizo ndogo zaidi.

Hesabu ilikuwa sahihi na hitimisho likawa la akili. Likawa pia kosa. Baadaye, uchunguzi wa Delle Chiaje wa Napoli na Babukhin wa Moscow ulionyesha kwamba idadi ya nguzo hukamilika mapema, samaki angali mdogo. Baada ya hapo nguzo hunenepa na kurefuka tu. Samaki wa Hunter hawakuwa mtoto na mtu mzima. Walikuwa spishi mbili. Wa kwanza alikuwa taa wa madoa wa Ulaya mwenye nguzo mia nne hadi mia sita hivi, na yule mkubwa alikuwa taa mweusi wa Atlantiki mwenye elfu moja na zaidi. Lakini mwaka 1773 huyo wa pili hakuwa na jina. Mwanazoolojia Bonaparte alimpa jina mwaka 1835. Hunter alikosea anatomia kwa sababu uainishaji ulikuwa haujafika. Kila ninaposikia mtu akisema kuwapa wanyama majina ni kazi ya ukarani, namkumbuka Hunter na nguzo zake 1,182.

Alessandro Volta, aliporundika sahani zake za madini na vitambaa vya maji ya chumvi mwaka 1800, aliliita rundo hilo kiungo cha umeme cha kutengenezwa. Betri ya kwanza duniani ilipewa jina la mwili wa samaki.

Sasa turudi kwenye ngeli. Sababu ya kwanza ya kutouamini umeme kama alama ya ukoo ni kwamba umezuka mara nyingi, kwa samaki wasiohusiana. Kambare wa umeme wa Nile, Kongo na Ziwa Tanganyika ni kambare. Mkunga wa umeme wa Amazon si mkunga hata kidogo. Mwaka 2019 iligunduliwa kwamba ni spishi tatu, na mmoja wao alipimwa volti 860. Domodomo wa maziwa na mito yetu hutoa umeme hafifu mkiani, wa kutafutia njia kwenye maji ya tope. Kuna samaki wa baharini wanaofukia mwili na kutazama juu, ambao baadhi yao wamegeuza misuli ya macho kuwa kiungo cha umeme. Hata miongoni mwa taa wenyewe umeme umezuka mara mbili, kwani kuna taa wa familia nyingine kabisa wenye umeme mdogo mkiani. Ukiwapanga wote hawa kwa shoti wanayopiga, utakuwa umempanga popo pamoja na ndege.

Kutoa umeme na kuuhisi ni mambo mawili tofauti pia. Mwaka 1678 Stefano Lorenzini wa Italia, akichunguza taa wa umeme, alieleza vijitundu vya kichwani vinavyoongoza kwenye mirija iliyojaa utelezi mzito. Hakujua kazi yake. Zikapita karibu miaka 300 ndipo ikathibitishwa kwamba vinahisi umeme mdogo kabisa unaotoka kwa viumbe wengine, na kwamba papa na taa wote wanavyo. Kwamba vilielezwa hivyo kwanza katika samaki anayepiga umeme ni bahati tu, ila bahati ya aina hiyo huwapoteza watu kwa vizazi.

Basi kinachowapanga taa wa umeme ni nini? Ni kinywa na gegedu la pua. Oda yao, Torpediniformes, ina spishi karibu 70, na ukitaka kujua familia usitazame betri. Tazama namna anavyokula.

Wa familia ya Torpedinidae wana taya ndefu nyembamba, zisizo na gegedu za kuzishikiza midomoni, na kinywa kipana kinachotanuka. Gegedu la pua limepungua mpaka karibu halipo, ndiyo maana upande wa mbele wa mwili wao umenyooka kana kwamba umekatwa. Hawa ni wawindaji wa samaki. Hujitupa juu ya windo, humkunja kwa kingo za mwili, humpiga, kisha humsogeza taratibu hadi kinywani na kummeza mzima. Narcinidae ni kinyume: taya nene, gegedu imara za midomo, mfereji wenye kina kirefu kuzunguka kinywa, na gegedu la pua pana lililobonyea kama kihori. Kinywa chao huchomoza chini kama mrija, kikaingia topeni kufyonza minyoo. Umeme wao ni mdogo. *Narcine bancroftii* wa pwani za Amerika amepimwa volti 37 tu, na kwa mla minyoo hiyo ni silaha ya kujikinga kuliko ya kuwindia. Narkidae, wa tatu, wanafanana nao, lakini gegedu la pua ni jembamba na mfereji wa kinywani ni mfupi wa kina.

Watu wengi wangependa alama rahisi zaidi, na mapezi ya mgongoni yamewavutia sana: hesabu, andika, maliza. Jaribu kwa Narkidae. *Narke* ana pezi moja. *Heteronarce* ana mawili. *Temera* hana hata moja. Familia moja, majibu matatu. Upofu nao hautufikishi mbali: taa kipofu wa New Zealand, *Typhlonarke*, ni wa Narkidae, na taa kipofu wa vilindi, *Benthobatis*, ni wa Narcinidae. Kila mmoja alipoteza macho kivyake, gizani kwake.

Familia ya nne ina mtu mmoja tu, *Hypnos monopterygius* wa Australia, na historia yake ni kichekesho. George Shaw alimpa jina mwaka 1795, akamdhania jamaa ya samaki wanaovua kwa chambo cha kichwani, na jina alilompa lina maana ya mwenye pezi moja. Samaki mwenyewe ana mapezi mawili mgongoni, ila yamesogea nyuma mno mpaka yamebanana na la mkia. Kosa hilo limebaki kwenye jina lake mpaka leo, kwa sababu kanuni za majina huheshimu aliyetangulia, awe amekosea au hakukosea.

Bahari yetu haiko nje ya vurugu hii. Spishi inayotajwa zaidi kutoka Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi hadi Afrika Kusini ni *Torpedo sinuspersici*. Jina lake limetoka mbali: Mjerumani Engelbert Kaempfer alikutana na taa wa umeme kwenye Ghuba miaka ya 1680, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1712, na akadai kwamba anayebana pumzi hapati shoti. (Usijaribu.) Mwaka 1831 mwanazoolojia Olfers akalirasimisha jina. Mwaka 1855 Wilhelm Peters, aliyekusanya vielelezo Msumbiji, akaongeza *Torpedo fuscomaculata*, wa madoa meusi. Tangu hapo watu wamekuwa wakitenganisha na kuunganisha spishi za upande huu kwa kutazama rangi na madoa, ambayo hubadilika kutoka samaki hadi samaki na hufifia ndani ya fomalini. Hapo ndipo gegedu linapokosa msaada, maana ndani ya jenasi moja taya zinafanana. Kazi iliyobaki ni ya DNA, na inataka vielelezo vya Lamu, Tanga na Kilwa, si vya Bahari ya Shamu peke yake. Kusini zaidi, kwenye miamba ya KwaZulu-Natal, Leonard Compagno na Phillip Heemstra walimtangaza mwaka 2007 taa mpya wa Narkidae mwenye kufyonza chakula kwa nguvu nyingi kiasi kwamba jenasi yake waliiita *Electrolux*, kwa jina la mashine ya kufyonzea vumbi. Tena kinywa ndicho kilichompa jina, umeme ukiwa mzaha wa ziada.

Umri wa ukoo huu si mdogo. Kwenye mawe ya Monte Bolca, Italia, yenye miaka milioni 50 hivi, kuna taa wa umeme aitwaye *Titanonarke*, mwenye mwili wa duara na mkia mnene kama wa leo.

Kisha likaja jambo ambalo lingewashangaza Wagiriki na Warumi pia. Kuna familia ndogo ya taa wenye miiba mgongoni, Platyrhinidae, wanaoishi pwani za China, Japani na California. Kwa muda mrefu waliwekwa pamoja na taa wenye umbo la gitaa, kwani kwa nje ndivyo wanavyofanana. Uchambuzi wa DNA uliotoka mwaka 2012 uliwaweka mahali pengine: ndugu wa karibu kuliko wote wa taa wa umeme. Miaka minne baadaye kitabu kikubwa cha Peter Last na wenzake kuhusu taa wa dunia nzima kikawaingiza rasmi ndani ya Torpediniformes. Si wote waliokubali. Wapo wanaoona ni bora wapewe oda yao wenyewe, na jina la taa wa umeme libaki na maana yake ya zamani. Mimi nimeshawishika na kitabu. Kama umeme ulizuka baada ya matawi hayo mawili kuachana, kama inavyoelekea, basi asiyepiga shoti hakupungukiwa na kitu. Ni ndugu aliyeondoka nyumbani kabla betri haijafungwa.

Kwa hiyo oda ya taa wa umeme sasa ina familia tano, na moja kati yake haina umeme wowote. Ukimtoa mmoja wao kwenye wavu kwa mkono mtupu, kitakachokuchoma ni miiba ya mgongoni.